Andazi la Nane

Faida,

Wamekuweka kwenye televisheni. Usifurahi. Wamekufanya kunguru.

Najua ungecheka kwanza, maana wewe kila kitu ulikianza kwa kicheko, halafu ndipo uliuliza. Basi cheka, nakungoja. Umemaliza? Sasa nisikilize, maana nina hasira ya wiki sita na sina mtu mwingine wa kummwagia. Mama yangu amenichoka. Jana ameniambia, "Riziki, hata maiti anachoka kusemwa kila siku." Nikamwambia huyu hachoki, huyu namjua.

Yaliyobadilika tangu uende si mengi. Bado niko duka la simu pale pale mjini, meza ya pili kutoka mlangoni, nabadilisha vioo. Kiti chako cha plastiki ulichokuwa unakalia ukitoka kazini kiwandani kule Jacobs, ukiwa umechoka na kifua kimekaza, bado kipo, ila bosi ameweka sanduku la chaja juu yake. Mama yako anaishi kulekule, hajataka kuhama. Simu yako, nisamehe, iliibwa kwenye taxi wiki ya mazishi, ikiwa kwenye mkoba wa shangazi yako. Nilizunguka maduka yote ya wenzetu wanaonunua simu za mkono wa pili. Hakuna. Ikaondoka na sauti zako zote, zile ulizomwachia mama yako ukimwambia usichelewe kula, na simu yake mwenyewe ilishakufa kabla. Alikuwa anakuja dukani kila Ijumaa kuniuliza, "Bado?" Mimi nasema bado, mama. Baadaye akaacha kuuliza.

Ya kunguru nimeijulia kwa mtoto. Yule binti wa saluni ya jirani, miaka sita, alikuwa anaruka mlangoni kwetu huku anavuta pumzi: fiiii-hu, fiiii-hu. Amejifunga kitambaa kichwani, anagawia wateja mikate ya hewa. Nikaganda, Faida. Bisibisi ilinidondoka. Hiyo ni filimbi ya kifua chako. Si inayofanana nayo, ni hiyo hiyo, na ile "hu" ya mwisho kama mtu aliyeshtuliwa. Nikamuuliza, we mtoto, umejifunza wapi? Akasema, "Kwa katuni ya uchaguzi."

Nikaitafuta. Ni nusu saa, katuni ya Jumamosi asubuhi saa tatu, imetengenezwa hapa hapa Durban. Shule ya wanyama karibu na bandari inachagua rais wa wanafunzi. Nguchiro mdogo mwenye miwani anagombea; mwerevu, maskini, kila mtu anampenda. Mpinzani wake ni kunguru aliyetoka mbali. Kunguru amejifunga kitenge kichwani, anahema kwa filimbi, na kila anapohema, darasa zima linacheka. Anawahonga wanafunzi kwa mikate. Mwishoni nguchiro anamletea mwalimu kobe kipande cha mkate kama ushahidi, kunguru anafukuzwa ukumbini manyoya yanapukutika, anaruka juu ya meli kurudi alikotoka. Wanyama wanaimba. Halafu majina yanapita: imeandikwa na kuchorwa na Trezor.

Trezor, Faida! Trezor wa kanisani kwetu. Trezor ambaye mama yake na mama yako walivuka mipaka mitatu kwenye lori moja. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Acha nikukumbushe, ingawa ulikuwepo. Nataka niandike mwenyewe kwa mkono wangu, kwa sababu kuna kitu sijawahi kukiandika wala kukisema.

Tulikuwa darasa la kumi na moja. Ulisema utagombea kwa sababu ya vyoo. Vyoo vya wasichana havikuwa na vitasa, tulikuwa tunashikiana mlango zamu kwa zamu, na wewe ukasema, "Rais ni mtu anayeweka kitasa. Mengine ni nyimbo." Trezor akagombea kwa sababu ulikuwa umegombea. Nilipomwambia mama yangu kwamba rafiki yangu anagombea, akashika kiuno. Akaniuliza, "Na mtawapa watu nini?" Nikasema karatasi zenye picha yake. Mama alicheka mpaka akakaa. Kwa mama, mtu wa Bukavu kule Kongo, mgombea anakuja na kitenge, anakuja na sabuni, anakuja na chumvi, watu wanakula, wanacheza, halafu kila mtu anampigia anayemtaka moyoni. Hakuna anayeona kwamba amenunuliwa. Ni adabu tu. "Mgombea wa mikono mitupu," alisema, "huyo amekuja kutania watu."

Basi akakanda unga. Mandazi mia moja, na vitambaa vya kitenge vya kufunga kichwani alivyokata kwenye nguo yake ya sikukuu. Nikavibeba shuleni kwenye mfuko ule mkubwa wa mistari. Wewe hukujua kitu. Ulinikuta getini nimeshagawa nusu, ukasema, "Eish, Riziki, hii ni harusi ya nani?" Ukajifunga kitambaa, ukaenda jukwaani.

Sheria ilikuwa imebandikwa ubaoni, mstari wa tisa: hakuna kugawa chakula wala zawadi. Nani alisoma mstari wa tisa? Trezor alisoma. Aliusoma, na bado alikuja mara ya kwanza akala mandazi manne. Akarudi, akala matatu. Nilimhesabia kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa namgawia, na nilimwambia, "Wewe mpinzani, una njaa ya nani?" Akacheka, mdomo umejaa. Andazi la nane nilikuwa nimelifunga kwenye karatasi, nimeliweka chini kabisa ya mfuko. Lilikuwa lako. Tulipokwenda kulichukua baada ya hotuba halikuwepo. Lilikuwa juu ya meza ya mwalimu msimamizi, bado limefungwa karatasi yangu.

Wakakuita ofisini, na mimi nikaja nyuma yako. Nilipofungua mdomo niseme ni mimi, ulinikanyaga mguu. Wiki ile walikuwa wananidai makaratasi ya ukimbizi. Ya mama yalikuwa yamekwisha muda, na kila Jumatatu niliitwa. Ukasema kwa Kiingereza kile chako kilichonyooka, kwamba mandazi ni yako, uliyaleta wewe. Na mlangoni ukaninong'oneza, "Nyamaza. Uchaguzi wangu, mandazi yangu." Nikanyamaza.

Nikanyamaza, Faida. Walipolifuta jina lako kwenye orodha mbele ya shule nzima, nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nimenyamaza. Trezor akawa rais. Vitasa hakuweka. Na wewe hukunilaumu hata siku moja, ndiyo maana nilikuwa nakuletea mandazi Jacobs kila mwisho wa mwezi mpaka wenzako kiwandani wakadhani nakuchumbia. Ulidhani ni ukarimu. Nilikuwa naona aibu.

Sasa ona ubaya wake huyu mtu. Alijua mandazi ni ya nani. Alikuwa anayanunua kwa mama yangu kila asubuhi ya Mungu kabla ya shule! Angeweza kunichora mimi. Mimi niko hai, nina mdomo, ningemjibu. Akamchora aliyekufa.

Basi nikaapa. Nikasema mwosha huoshwa. Na Mungu naye, sijui alikuwa upande gani, akanifungulia njia: Pasta akatangaza kwamba Jumapili baada ya ibada kanisa litaonyesha katuni ya "mtoto wetu", ukutani, kwa mashine ya picha, na Trezor atakuwepo, na akina mama waandae kitu cha kutafuna. Wakamwangalia mama yangu. Mama akasema, "Nitapika mandazi." Hakuwa ameiona katuni. Mimi nikasema, mama, pumzika, nitapika mimi.

Nilikanda mia mbili. Na pembeni nikakanda saba peke yake, kwa pilipili. Si pilipili ya dukani. Ile nyekundu ndogo ambayo mama anaificha kwenye kopo la maziwa, niliisaga na mbegu zake zote. Nikayapanga kwenye sahani ya maua, ya mgeni rasmi. Ungekuwepo ungenizuia. Hukuwepo, ndiyo shida yenyewe.

Alikuja na suti. Amenenepa shingo. Akanikumbatia, akasema, "Riziki, pole sana kwa Faida, nilikuwa Joburg, nilishindwa kuja." Nikamwambia karibu, kula. Alikula la kwanza huku Pasta anamsifu kwenye kipaza sauti, na macho yakaanza kumtoka maji. Akina mama wakasema, "Oneni, mtoto ameguswa na Roho." Akaogopa kutema mbele ya watu. Akala la pili, maskini, kwa adabu. Haki ya Mungu nilifurahi. Sitakudanganya, nilifurahi mpaka nikamsogezea sahani.

Nilitaka iishie hapo. Yale saba yangetosha. Angekwenda nyumbani akinywa maziwa siku nzima, na mimi ningelala vizuri.

Lakini mama yako alikuwa amekaa mbele. Mimi sikumwambia chochote, nilidhani hatakuja. Alikuja na kile kitambaa chake cheupe, akakaa, mkoba mapajani. Taa zikazimwa. Wanyama wakaanza kukimbia ukutani, watoto wakapiga makofi. Kunguru akapanda jukwaani. Akavuta pumzi: fiiii-hu.

Ukumbi ukacheka. Mama yako akafungua mkoba.

Nilikuwa ubavuni, nilimwona kwa mwanga wa ukutani. Hakuangalia hata anachokifanya. Mkono uliingia mkobani, ukatoka na pampu yako ya pumu. Bado anaibeba, Faida, mwaka mzima na zaidi. Akaitikisa mara mbili kama alivyokuwa anaitikisa siku zote, akatoa kifuniko, akainyoosha upande wake wa kushoto, kwenye kiti ambacho hakikuwa na mtu. Akakaa hivyo, mkono hewani. Kunguru akahema tena, watu wakacheka tena, na mama yako akageuka kuangalia kile kiti.

Sijui niliifikiaje swichi. Niliwasha taa zote. Nikasema simamisheni. Pasta akasema, "Dada Riziki, tafadhali." Nikasema Pasta, leo ukinikatiza nitapiga yowe mpaka polisi waje. 

Nikawauliza, mmeshiba? Wakatazamana. Nikasema, mandazi mnayotafuna ndiyo yale yale ya huyo kunguru. Yeye aligawa, mmecheka. Mimi nimegawa, mmekula. Kwa hiyo nani amenunuliwa hapa? Nikasema kunguru huyo ni Faida, mtoto wa huyu mama, na hata hakugawa. Niligawa mimi. Mama yangu alipika, mimi nikabeba, na Faida alipofukuzwa kwenye uchaguzi kwa kosa langu nilikaa safu ya tatu nikanyamaza, kwa sababu ya makaratasi. Mama yangu alishika mdomo wake. Hakuwa anajua, kwa miaka yote hiyo. Nikamgeukia Trezor. Nikamwambia, na wewe ulikula saba.

Akasema, "Riziki, ni katuni tu. Kunguru ni kunguru."

Ningemrukia, nakuambia. Nilishaanza kuvua viatu. Ila mama yako alisimama, pampu bado iko mkononi, akamuuliza polepole, "Baba, ile pumzi umeitoa wapi?"

Trezor akajifanya anakohoa. Mama yako akauliza tena. Mtu anaweza kumdanganya Riziki, anaweza kumdanganya Pasta, lakini yule mama alimbeba Trezor mgongoni kwenye safari ile, pale mama yake mwenyewe aliposhindwa kutembea. Trezor akasema alikuwa na video. Siku ya hotuba yako alikaa safu ya mbele akakurekodi kwa simu, apate makosa yako ya kuyasema kwenye hotuba yake. Aliitunza. Na waigizaji wake wa sauti waliposhindwa kuhema sawasawa, alichukua pumzi yako mwenyewe kutoka kwenye video, akaikata, akambandikia kunguru.

Watu walipiga kelele hapo, usiseme. Mzee mmoja wa kanisa alirusha andazi. Mama yako hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe uko na sauti ya mtoto wangu."

Akarudia, kama anajiambia mwenyewe. "Uko nayo. Hapo kwa simu."

Trezor akaitoa.  Wakaiunganisha, na ukatokea ukutani, Faida, pale pale alipokuwa kunguru. Kitambaa cha mama yangu kichwani. Soksi moja imeshuka. Ukasema habari ya vitasa. Ukasema, "Mimi sina maneno mengi, nina milango kumi na miwili." Halafu pumzi ikakukata, fiiii-hu, ukainua kidole kuomba muda.

Na hakuna aliyecheka. Nataka ulijue hili, kwa sababu nilikuwa nimelisahau. Wanafunzi mia nne walikaa kimya wakakungoja. Kuna aliyesema kwa Kizulu, taratibu, dada, taratibu. Ukapumua, ukaendelea. Kile kicheko chote cha kwenye katuni kimetoka kichwani kwa Trezor.

Ukashuka. Trezor alisahau kuzima simu. Picha inayumba, inaonyesha viatu, lakini sauti yako iko karibu kabisa: "Riziki, umeniwekea moja?" Na sauti yangu ya kitoto inajibu, "Iko kwa mfuko, chini kabisa."

Halafu simu ikageuka. Ukumbi mzima uliona. Iliacha viatu, ikatembea polepole sakafuni, ikausogelea mfuko wa mistari, mkono ukaingia ndani ya picha. Hapo ikazimika.

 Mama yake Trezor alitoka nje bila kumwangalia. Trezor mwenyewe akakaa kwenye ngazi za madhabahu, akalia, na safari hii haikuwa pilipili, japokuwa sitakataa kwamba pilipili ilisaidia.

Pasta alitaka tukumbatiane. Akasema kisasi ni cha Bwana. Nikamwambia, sawa, Bwana ana shughuli nyingi, aniazime kidogo. Mama yangu ndiye aliyenikumbatia, halafu akanifinya, halafu akanikumbatia tena. Akaniambia, "Ungeniambia ni kosa langu, ningekwenda mwenyewe kwa yule mwalimu na mwiko." Mama yako alinishika uso. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema, "Nitumie hiyo video." Nikaichukua kwenye simu ya Trezor, nikamtumia hapo hapo. Anaisikiliza akipika, na pale unapohema ananyamaza kukungoja, kama wale wanafunzi.

Trezor amewaandikia wenye televisheni waitoe ile sauti. Hawajajibu. Anasema atatengeneza nyingine, ya msichana na vitasa, na jina lako liwe mwanzoni. Ananitumia ujumbe kila siku. Sijamjibu hata mmoja, na sijamsamehe. Najua wewe ungekuwa umemsamehe zamani, ungekuwa unamkaribisha chai. Wewe umekufa, mimi niko hai, acha nifanye kazi yangu.

Ndiyo hii. Katuni bado inarudiwa Jumamosi saa tatu. Basi Jumamosi saa tatu nazima muziki wa duka, natoa ile spika kubwa mlangoni, naweka hotuba yako. Dakika nne. Inasikika mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, watu wanaovuka wanageuka. Bosi alitaka kukataa, nikamwambia nitaacha kazi na vioo abadilishe mwenyewe. Yule binti wa saluni jirani sasa haigizi tena kunguru. Anasimama juu ya kopo la rangi, anainua kidole, anasema ana milango kumi na miwili. Watoto wenzake wanamngoja apumue.

Lala sasa, rafiki yangu. Nilichonyamazia siku ile nitakisema kila Jumamosi, mpaka wao wachoke kabla yangu, na unanijua mimi kuchoka siwezi.

Leo ni Jumamosi, bado dakika kumi. Mama amepika. Ameyatoa ya wateja, ya bosi, ya mama yako anayekuja sasa hivi na kitambaa chake cheupe. Nimeliondoa sanduku la chaja kwenye kiti chako ili apate pa kukaa. Na moja nimelifunga kwenye karatasi, liko kwa mfuko, chini kabisa.

Safari hii nimeukalia mfuko.

Riziki wako